Godoro la Tatu

Godoro la tatu lilikuja likitembea kwa miguu ya Moïse. Kwa mbali Douce aliona mstatili wa bluu unashuka njia ya kutoka sokoni, una suruali chini na hauna kichwa juu, akajua mara moja kwamba kichwa kilichokosekana ni cha bwana wake. Akazidi kukanyaga cherehani, kama mtu anayekimbia akiwa ameketi.

"Ingine tena?" aliuliza Uwera, jirani yao, aliyekuwa akichagua maharage kwenye mlango wa pili. "Munafuga magodoro siku hizi? Hii itazaa lini?"

"Ni mgongo," alisema Douce bila kuinua macho. "Mgongo iko inanisumbua."

Uwera aliutazama mgongo huo, uliokuwa umenyooka kama ukuta wa kanisa, akarudi kwenye maharage yake.

Ukweli ni kwamba mgongo wa Douce haukuwa na kosa lolote, na ulikuwa umesingiziwa tangu mwezi wa pili wa ndoa. Godoro la kwanza, lile jembamba la arusi, Douce alisema linamchoma mbavu. La pili, nene, alisema linammeza. Moïse hakubisha. Alikuwa kinyozi, mtu wa kurekebisha vitu vilivyokaa vibaya juu ya vichwa vya watu, na aliamini kila tatizo lina kifaa chake. Sasa ameleta gumu kama meza, na Douce alikuwa ameishiwa na sifa mbaya za magodoro.

Shida haikuwa kulala. Shida ilikuwa tendo lenyewe la ndoa. Kila walipojaribu, mwili wa Douce ulijifunga wenyewe bila kumwomba ruhusa, na Moïse akisogea kidogo tu, maumivu yalikuwa kama pilipili juu ya kidonda. Baadaye hata kwenda haja ndogo ilikuwa kazi ya kukunja uso. Na bwana mwenyewe alimpenda. Hapo ndipo palipomchanganya. Alipenda utani wake, alipenda shingo yake yenye harufu ya poda ya saluni, alipenda hata anavyoimba vibaya akioga. Kumpenda mtu mzima-mzima halafu kuogopa jioni ikikaribia, hilo hakujua amwambie nani.

Basi akajificha nyuma ya cherehani. Alichukua sare za shule, mapazia, majoho ya kwaya, hata kiraka cha hema la mtu. Cherehani ililia kutwa kucha, na mtaa mzima ukamsifu: bibi ya Moïse anapenda kazi.

Moïse aliliegemeza godoro ukutani, akajipangusa jasho, akakaa kwenye kigoda karibu naye. Hakutania. Hiyo peke yake ilimtisha Douce.

"Douce, mi nimesema na parrain," alisema. "Siku ya Mungu, kisha ibada, banakuja kukaa na sisi. Yeye na Maman Véronique."

Mguu wa Douce ukasimama juu ya pedali.

"Juu ya nini?"

"Unajua juu ya nini. Miezi saba unanikimbia. Kama haunipende, sema mbele yabo. Mi sitakulazimisha kukaa na mi. Utarudi kwa babako kwa heshima, bila fujo." Akainuka, akalipigapiga godoro begani kama mtu anayemfariji mwenzake. "Hii walisema haimezi mtu."

*

Katika makanisa ya Wakongo pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ndoa haifungwi na wawili. Kuna parrain na marraine, mume na mke wakubwa wanaosimama nyuma ya maarusi siku ya kiapo, na baada ya hapo kila ufa wa nyumba ile ni mali yao. Parrain wa Moïse na Douce alikuwa Papa Josué, mzee mpole aliyetoka Fizi na kitabu cha nyimbo mkononi na hajakiweka chini tangu siku hiyo. Marraine alikuwa bibi yake, Maman Véronique, mwuza vitenge, mwanamke wa sauti. Alikuwa amesimamia ndoa kumi na nne. Tena alikuwa mtu wa maombi wa kuogopwa: mwaka huu peke yake alikuwa amefunga siku arobaini mara mbili, na kati ya hizo akafunga kila Jumatano na Ijumaa, akilala chini kwenye mkeka katika chumba cha maombi. Watu walimwonyesha kwa wageni.

Yeye ndiye aliyempa Douce mafundisho ya bibi arusi, siku tatu kabla ya harusi, jikoni, mlango umefungwa. Mafundisho yalikuwa matatu. Kwanza: ndani paoshwe kwa sabuni na limau kila siku, mpaka pawe safi na pakavu kama sahani, maana mwanaume hapendi majimaji. Pili: ikiuma, funga meno, njo vile iko, ndivyo ilivyo. Tatu: usimwambie mtu.

Douce alikuwa mwanafunzi mzuri tangu shule. Kuosha aliosha mara mbili kwa siku, apate alama za ziada.

Siku ya Alhamisi alikwenda kwa marraine na vitumbua sita katika sahani na hotuba fupi kichwani. Alitaka kikao kiahirishwe. Angesema Moïse amechoka, angesema kazi ni nyingi. Maman Véronique alipokea vitumbua, akakataa hotuba.

"We mtoto, iko roho ya baharini inakufata," alisema. "Mi nilishaona kama hii. Tutafunga siku tatu, bila maji."

"Maman, haiko roho."

"Njo roho inavyosema."

"Maman, inauma." Lilitoka lenyewe, na likishatoka likavuta mengine. "Inauma sawa kisu. Nimefunga meno mpaka moja imetikisika. Nimeosha na sabuni, na limau, na ile sabuni ya kufulia vilevile. Mi namupenda Moïse. Lakini nikisikia anavua viatu, mwili yangu yote inakuwa jiwe. Na siku ya Mungu atanirudisha kwetu, na mi sitakuwa na jibu."

Douce alingoja karipio. Kanuni ya tatu ilikuwa imevunjwa mbele ya mtungaji wake. Lakini Maman Véronique, kitumbua mkononi, alitazama mkeka wa maombi uliokunjwa kwenye kona.

"Inakwaruza?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Douce hakujua kama anayo. "Sawa mchanga?"

"Inakwaruza, inachoma, inafunga. Yote."

"Bon." Akakiweka kitumbua chini. "Kesho naenda Lilongwe na vitenge. Ku Chinsapo kuko muganga mwanamuke wa kliniki, muclient wangu. Utafute karatasi ya ruhusa ya kutoka kambi. Utasema unaenda kutafuta uzi."

"Na hapa kambini, ku kliniki?"

"Hapa mukalimani ni Minani wa kwaya. Unataka ajue?"

Minani alikuwa anaimba sauti ya pili na kusambaza habari kwa sauti ya kwanza. Douce akaenda kutafuta karatasi.

*

Kliniki ile ya Chinsapo ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya mstari wa wauza mitumba, na muuguzi wake aliitwa Sista Tamandani, mwanamke mnene, mtulivu, aliyevaa saa juu ya matiti na aliyemsalimu Maman Véronique kwa kuulizia kitenge cha njano. Alikuwa anasema Kichewa. Kichewa cha Douce kilikuwa cha sokoni: bei, asante, punguza. Basi marraine akawa mkalimani, akakaa kati yao, mkoba magotini, mwenye cheo.

Sista alifungua kadi mpya, akaandika jina, umri miaka ishirini na tatu, ndoa miezi saba. Halafu akauliza swali la kwanza.

"Anauliza," alisema Maman Véronique, "inauma pale ku kuingilia, ao ndani kabisa ku tumbo?" Na kabla Douce hajafungua mdomo, akamgeukia Sista akajibu Kichewa kirefu, huku akisugua vidole kama mtu anayepima mchanga.

"Maman, mi sijajibu."

"Ah. Jibu, basi."

"Pale ku kuingilia."

"Njo nilisema."

Sista akauliza la pili. Safari hii Maman Véronique hakutafsiri kabisa. Alijibu papo hapo, kwa uchungu, kama mtu aliyeulizwa habari za mwizi wake. Douce hakuelewa mengi, lakini soko humfundisha mtu hesabu, na katika jibu lile alisikia wazi neno "miaka" na neno "mitatu".

Sista Tamandani alitazama kadi. Akamtazama Douce. Akaweka kalamu chini polepole.

"Miaka mitatu?" alisema. "Huyu ana ndoa ya miezi saba."

Maman Véronique aliinua macho ukutani, kwenye picha ya mfuko wa uzazi iliyochorwa kwa rangi ya waridi, akaisoma kwa makini kana kwamba kuna jina lake.

"Nimekosa kutafsiri," alisema.

"Tutarudi hapo," alisema Sista.

Kisha alimgeukia Douce, akaanza kuzungumza naye yeye mwenyewe, pole pole, kwa Kichewa chepesi na mikono, na marraine akiziba mapengo tu. Alimwambia atamtazama ikiwa atakubali, na kwamba neno moja linatosha kusimamisha kazi, na neno hilo ni la Douce. Akampa kioo kidogo. Douce, aliyekuwa hajawahi kujitazama huko, alishangaa kuona ni mwili tu, hakuna mnyama. Sista aligusa kwa pamba, hapa, hapa, akiuliza. Sehemu moja Douce akasema basi, na Sista akatoa mkono hapo hapo. Hilo lilimshangaza kuliko kioo.

Alipovaa, Sista alieleza. Hakuna roho. Hakuna laana. Ngozi imewashwa na sabuni na limau mpaka imechubuka, na juu yake fangasi amepata makao. Kule ndani hujisafisha kwenyewe. Maji ya nje yanatosha kwa nje. Na yale majimaji ambayo bibi arusi anafundishwa kuyafuta, ndiyo yanayomlinda asichubuke. Mwili huyatoa ukiwa umetulia na umefurahi, na ukipewa muda.

Maman Véronique alitafsiri sehemu hiyo kwa sauti iliyozidi kushuka, hasa penye limau.

"Na kufunga kule?" aliuliza Douce. "Mi sifungi. Inajifunga."

Sista alikunja ngumi, akamwambia Douce ajaribu kupitisha kidole katikati. Hakikupita. Akalegeza ngumi, kidole kikapita. Kuna misuli chini ya nyonga inazunguka pale, alisema, na imejifunza kwamba likija jambo hili, linakuja na maumivu. Basi inajikaza mapema. Kujikaza kunaongeza maumivu, maumivu yanaongeza hofu, hofu inakaza tena.

Douce alianza kucheka taratibu.

"Nini?" aliuliza marraine.

"Ni mashini yangu, Maman. Ile skrubu ya kukaza uzi. Ukikaza sana, nguo inajikunja na uzi inakatika. Halafu mushonaji mujinga anakanyaga zaidi."

Tafsiri ilipofika, Sista Tamandani alisema hajawahi kueleza vizuri hivyo kwa miaka kumi na moja, na mfano huo atauchukua.

Dawa ya fangasi ilikuwa ya siku chache. Kazi nyingine ilikuwa ya wiki. Sabuni na limau ziishie jikoni. Wiki sita bila kuingiliana. Kukumbatiana ruksa, kutaniana ruksa, ila lile moja liwekwe kando kabisa, ili mwili ukose cha kuogopa. Kila siku apumue mpaka tumboni na kulegeza misuli ile, kama mtu anayeachia mkojo. Baadaye ajaribu kidole chake mwenyewe chenye jeli, kwa mwendo wake, na ikiuma asimame. Arudi kuonwa. Na bwana aje naye, maana hili si la mmoja.

"Akikataa?" aliuliza Douce, na kicheko kikawa kimekwisha. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

"Mweleze ile skrubu," alisema Sista. "Sasa. Tulikuwa kwenye miaka mitatu."

Maman Véronique alipanga vizuri mkoba wake magotini.

"Kuko mama moja," alianza, "ku kanisa yetu."

"Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili. Hedhi ilikwisha. Tangu pale, bwana akimukaribia ni mchanga mutupu. Bwana ni mutu muzuri, hawezi kugombana naye. Basi huyo mama anamuambia niko nafunga."

"Anafunga?"

"Kwa maombi. Mwanzo siku tatu. Halafu saba." Alikohoa. "Halafu arobaini."

Douce alitazama miguu yake kwa nguvu zote. Aliona mkeka, zile Jumatano na Ijumaa, wageni wakionyeshwa mlango wa chumba cha maombi. Akauma mdomo, lakini mabega yalikuwa yameshaanza kutikisika bila yeye.

"Usicheke," alisema marraine, na yeye mwenyewe akicheka, na saa ya Sista ikawa inaruka kifuani, maana Sista naye alikuwa anacheka.

Walipojifuta macho, Sista alimwambia yule mama wa kanisani, aliyekuwa ameketi mbele yake, kwamba hedhi ikikoma ngozi ya kule hukonda na kukauka kwa wanawake wengi. Si uzee wa aibu. Kuna jeli ya kulainisha, na kuna krimu ya homoni ambayo daktari akimpima anaweza kumwandikia. Na kwa kuwa amefika, apimwe na shingo ya kizazi pia. Alipimwa. Akatoka na jeli ndani ya mkoba na barua ya kumpelekea daktari.

Nje, katikati ya mitumba, Maman Véronique alisimama ghafla.

"Kumi na ine," alisema.

"Nini, Maman?"

"Mabibi arusi. Kumi na ine, nimewapa ile limau. Na mi nilipewa na marraine wangu ku Uvira, na yeye sijui alipewa na nani." Uso wake ulikuwa wa fundi aliyegundua kwamba kipimo alichokatia nguo zote kilikuwa kibovu. "Wote, Douce. Wote banafunga meno."

*

Jumapili kikao kilifunguliwa kwa wimbo, beti zote. Papa Josué alikaa kwenye kiti kilicho na mgongo, marraine kwenye kile kisicho nao, Moïse kwenye ukingo wa godoro la tatu. Chupa nne za Fanta zilikuwa katikati, hazijafunguliwa. Desturi ni zifunguliwe kukiwa na amani.

"Mwanangu Moïse," alianza Papa Josué, "sema shida yako."

Moïse alitazama mikono yake ya kinyozi. "Bibi yangu iko ananiogopa," alisema mwishowe. "Sijamupiga hata siku moja. Sijamutukana. Ananiogopa."

Douce hakuwa amepanga kusimama. Alisimama.

"Moïse, kuja hapa ku mashini."

"Sasa?"

"Kaa. Kanyaga."

Wakati bwana akisogeza kigoda, yeye aliishika ile skrubu ndogo, akaizungusha mpaka mwisho. Akaweka kipande cha kitenge chini ya sindano. Moïse alikanyaga kwa adabu ya mtu aliye mbele ya parrain wake. Kitenge kilijikunja kama uso wa mtoto anayeonjeshwa kwinini, kisha uzi ukakatika.

"Ongeza nguvu," alisema Douce.

"Si itaharibika?"

"Nani mubaya hapo, uzi ao nguo?"

Moïse alitafakari. "Hakuna mubaya. Imekazwa sana."

"Njo mi, Moïse." Akaiachia skrubu. "Haiko kukukataa. Inaniuma. Tangu siku ya kwanza. Mwili inajikaza yenyewe, na mi nilifundishwa kunyamaza, nikakudanganya na mgongo. Muganga alisema inatengenezeka. Wiki sita bila ile kitu, na dawa, na mazoezi, na we unakuja na mi ku Chinsapo. Kama hauwezi, sema hapa mbele yabo, nitafunga mizigo."

Hakuna aliyegusa Fanta. Moïse aliiangalia skrubu. Akaizungusha nyuma kidogo, akajaribu. Akaizungusha tena kidogo, akajaribu. Mshono ukatoka umenyooka, laini, mpaka ukingo wa kitenge.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "magodoro hayakuwa na kosa?"

"Hayakuwa."

"Hata ile ya pili? Niliitukana sana ile ya pili."

"Utaiomba msamaha."

"Wiki sita." Alijikuna kidevu. "Nilishakaa miezi saba nikifikiri haunipende. Wiki sita na kujua unanipenda, hiyo ni likizo."

Papa Josué alinyoosha mkono kuelekea kifungulio cha chupa, kwa furaha ya mtu ambaye kikao kimejimaliza chenyewe. Bibi yake akamzuia.

"Ngojea. Na mi niko na neno. Papa Josué, kufunga kwangu kumekwisha."

Mzee aliondoa miwani. "Mungu amejibu?"

"Amejibu. Alipitia Chinsapo. Nitakuelezea ku nyumba, polepole, na kuko jeli."

Papa Josué hakuelewa neno moja, lakini alikuwa ameoa miaka thelathini na alijua kuitambua habari njema ikipita. Akafungua Fanta zote nne bila kuombwa.

Wiki iliyofuata Maman Véronique alionekana akizunguka kambi kwa miguu, kikaratasi mkononi chenye majina kumi na manne, akiingia nyumba moja baada ya nyingine na kufunga milango ya majiko. Ndani kulisikika mnong'ono, kisha kicheko, mara nyingine kilio kifupi, kisha kicheko tena. Malimau yakalala sokoni bila mnunuzi. Moïse alikwenda Chinsapo mara mbili, mwanaume peke yake kwenye benchi la wanawake kumi na wawili, na mara ya pili alikuja na mkasi akapunguza nywele za watoto wao wakisubiri.

Wiki sita zikapita, zikawa nane, kwa sababu Douce alisema bado, na bado ikawa bado. Cherehani ililia kama kawaida, ila sasa ilikuwa inashona kazi tu.

Halafu Jumamosi moja saa nne asubuhi Uwera alifika kuchukua gauni lake la kipaimara cha mtoto, akakuta mlango wa Douce umefungwa na saluni ya Moïse, upande wa pili wa njia, imefungwa pia. Cherehani kimya. Uwera alisikiliza, akashtuka. Tangu aujue ukuta ule haujawahi kunyamaza saa za kazi. Akagonga.

"Douce? Muko wagonjwa?"

Ndani mtu aliangusha kitu. Mtu mwingine alicheka, kicheko cha Douce, kirefu, kisicho na haraka wala meno yaliyofungwa.

"Rudi saa nane, dada," alijibu Moïse. "Tunajaribu godoro."